Kutoka Upagazi hadi Uwakala: Msamiati wa Kiswahili kama Ushahidi wa Historia ya Sekta ya Huduma Afrika Mashariki

Ikisiri

Nadharia nyingi za uchumi huieleza sekta ya huduma kama hatua ya mwisho ya maendeleo: jamii hulima kwanza, hujenga viwanda baadaye, kisha ndipo huduma hushamiri. Makala haya yanaonyesha kwamba historia ya Afrika Mashariki haikufuata mpangilio huo. Kwa kuchunguza maneno kama vile mpagazi, kibarua, posho, hongo, karani, magendo, bodaboda na wakala, inabainika kuwa huduma zimekuwa mhimili wa uchumi wa eneo hili kwa takribani karne mbili, ingawa watoa huduma hawakuhesabiwa kila mara kuwa wazalishaji. Makala yanahitimisha kuwa mchango wa huduma katika ukuaji wa uchumi hauwezi kupimwa kikamilifu bila kuuliza mgawo wa yule aliyeubeba mzigo.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1776 Adam Smith aliigawa kazi katika mafungu mawili: inayozalisha na isiyozalisha. Kwa maoni yake, kazi ya fundi wa kiwandani hubaki ndani ya kitu kinachoweza kuuzwa, ilhali kazi ya mtumishi wa nyumbani hutoweka pale pale inapotendwa. Katika fungu hilo la pili aliwaweka pia askari, wanasheria, wanamuziki na hata watawala. Katika karne ya 20, Allan Fisher (1935) na Colin Clark (1940) waliupanga uchumi katika sekta tatu, yaani kilimo na uchimbaji, viwanda, na huduma. Waliona kuwa kadiri taifa linavyotajirika ndivyo wafanyakazi wake wanavyohama kutoka sekta ya kwanza kuelekea ya tatu. Mwaka 1966 Nicholas Kaldor alisisitiza kuwa injini ya ukuaji ni viwanda. Mwaka uliofuata William Baumol alieleza kwa nini tija ya baadhi ya huduma haipandi kwa kasi ya viwandani: mwalimu hawezi kufundisha kwa kasi maradufu kila kizazi bila kuharibu somo lenyewe. Nchi za kisoshalisti za Ulaya Mashariki zilikwenda mbali zaidi, kwani mfumo wao wa takwimu uliziacha huduma nyingi nje ya hesabu ya pato la taifa kwa kuwa hazikuzaa kitu cha kushikika mkononi.

Mtazamo huo unapata taabu unapokutanishwa na nchi zinazoinukia kiuchumi leo. India imejipatia nafasi katika soko la dunia kupitia programu za kompyuta na huduma za ofisini kabla viwanda vyake havijawaajiri watu wake wengi. Nchini Kenya na Rwanda, huduma huchangia karibu nusu ya pato la taifa, wakati mchango wa viwanda vya bidhaa ni mdogo zaidi kwa mbali. Dani Rodrik (2016) ameiona hali ya namna hii kuwa ya kutia wasiwasi: nchi nyingi zinahamia kwenye huduma kabla hazijavuna manufaa ya viwanda, na hivyo huenda zikakosa ngazi ambayo wengine waliipanda.

Wasiwasi huo una msingi. Hata hivyo, unachukulia kwamba huduma katika nchi hizi ni mgeni aliyefika mapema kuliko alivyoalikwa. Makala haya yanadai kuwa, kwa upande wa Afrika Mashariki, huduma ni mwenyeji. Ushahidi unaotumiwa ni wa aina mbili: matukio yanayojulikana ya historia ya uchumi, na maneno ya Kiswahili yaliyozaliwa au kubadilika maana ndani ya matukio hayo. Neno halihesabu mapato, lakini huhifadhi uhusiano uliokuwapo kati ya watu walipolitumia.

2.0 Mtumwa, mtumishi na huduma

Kiswahili kina mzizi mmoja ambao umebeba sehemu kubwa ya fikra za Waswahili kuhusu kazi ya kuwafanyia wengine, nao ni -tum-. Kutokana nao tunapata mtume, mtumishi, utumishi na mtumwa. Wote hawa wanatumwa. Kinachowatofautisha ni nani anayewatuma na kama wana hiari ya kukataa. Hivyo, katika familia moja ya maneno wamo mtu anayeheshimiwa kuliko wote na mtu aliyenyimwa heshima yote.

Neno huduma limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake una historia inayokaribiana na hiyo. Jina Wahadimu, waliloitwa baadhi ya wenyeji wa Unguja, kwa kawaida huelezwa kuwa limetokana na mzizi huo huo wa kutumikia. Neno kibarua nalo ni udogo wa barua. Katika karne ya 19, mtumwa wa Unguja aliyeruhusiwa kukodishwa kwa kazi za siku alipewa cheti kidogo, na sehemu ya ujira wake ilikwenda kwa bwana wake. Leo kibarua ni mtu huru anayelipwa kwa siku, lakini jina lake bado linataja karatasi iliyomruhusu kufanya kazi.

Mambo haya yanaeleza kwa nini dharau dhidi ya kazi za huduma haikuhitaji kuletwa na vitabu vya wachumi. Ilikuwapo tayari katika jamii ambamo kumtumikia mtu mwingine kulikaribia kumilikiwa naye. Nadharia zilipofika, zilikuta udongo uliokwisha kulimwa.

3.0 Msafara kama uchumi wa huduma

Katikati ya karne ya 19, njia kuu kutoka Bagamoyo ilipita Tabora hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Bidhaa zilizopita humo zinajulikana: pembe za ndovu zilishuka pwani, vitambaa, shanga, bunduki na nyaya za shaba zilipanda bara. Watu waliotekwa nao walipitishwa humo wakauzwa, na hakuna historia ya njia hiyo inayoweza kulinyamazia jambo hilo. Jambo linalosahaulika ni kwamba thamani ya pembe ilitegemea mno kazi ya kuifikisha. Ndovu aliyekufa karibu na Ujiji hakuwa na bei ya Unguja mpaka pembe zake zibebwe begani kwa miezi kadhaa. Richard Burton na John Speke walipoondoka pwani mwaka 1857, iliwachukua zaidi ya miezi minne kufika Tabora.

Wanyama wa kubeba mizigo hawakufaa kwa sababu ya mbung'o na maradhi. Mzigo ukawa wa mtu, kwa kawaida kama frasila mbili, yaani kilo zaidi ya 30. Makumi ya maelfu ya wapagazi walipita njia hiyo kila mwaka. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi, ambao miongoni mwao safari ya pwani ilikuwa alama ya utu uzima kwa kijana. Mwanahistoria Stephen Rockel ameonyesha kuwa wapagazi wengi walikuwa wafanyakazi wa ujira: walipatana malipo, walitetea kanuni za kambini na safarini, na walipodhulumiwa waliweka mizigo chini au walitoroka. Kwa maneno mengine, miongoni mwa wafanyakazi wa kwanza wa ujira kwa wingi katika bara la Tanganyika walikuwamo watoa huduma ya usafirishaji, miongo mingi kabla ya kiwanda cha kwanza.

Kuuzunguka upagazi kulikuwa na huduma nyingine. Mnyampara aliwasimamia watu. Kiongozi aliijua njia. Dalali aliwakutanisha muuzaji na mnunuzi. Wenyeji wa njiani waliuza chakula na kukodisha mahali pa kulala. Juu ya wote alikuwapo mwenye mtaji. Wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja, akiwamo Tharia Topan, waliwakopesha wenye misafara bidhaa za kwenda nazo bara, deni likilipwa pembe zikifika. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyejulikana kama Tippu Tip, alifanya safari zake kwa mikopo ya namna hiyo. Hundi, neno lililovuka bahari kutoka Bara Hindi, lilikuwa chombo cha kuhamisha thamani bila kuhamisha fedha yenyewe.

Maneno mawili ya msafara yanastahili kuangaliwa kwa makini. La kwanza ni posho. Posho ilikuwa chakula cha siku cha mpagazi, kwa kawaida kibaba cha nafaka, au kitambaa cha kununulia chakula hicho. Nchini Uganda, posho leo ni ugali wenyewe. Nchini Tanzania, posho ni fedha anayolipwa mtumishi kwa safari au kikao. Waganda wamehifadhi chakula, Watanzania wamehifadhi malipo, na chanzo cha yote mawili ni haki ya mtu aliye safarini kulishwa na aliyemtuma.

La pili ni hongo. Hongo ilikuwa ushuru ambao msafara ulimlipa mtawala wa nchi uliyopita. Ugogo, kwa mfano, ambako maji yalikuwa haba, watawala walitoza hongo kwa msafara kuteka maji na kupita. Malipo hayo yalibishaniwa, lakini yalikuwa ya wazi. Leo hongo ni rushwa. Watawala waliokuwa na haki ya kuitoza walipoondolewa na ukoloni, jina la ushuru lilibaki bila uhalali wake. Maana mpya ya neno hilo ni kumbukumbu ya mamlaka yaliyovunjwa.

4.0 Reli, bandari na kalamu

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na ikafika Ziwa Victoria, mahali panapoitwa sasa Kisumu, mwaka 1901. Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Safari ya miezi ikawa ya siku chache. Upagazi wa masafa marefu ulikufa katika njia hizo, lakini haukufa kwa amani. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, watu wapatao milioni moja walifanywa wapagazi wa jeshi upande wa Waingereza, wengi wao kwa kulazimishwa. Waliokufa, zaidi kwa maradhi na njaa, wanakadiriwa kukaribia 100,000. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimepewa majina kutokana na kikosi hicho cha wapagazi. Jina la soko kubwa la Dar es Salaam, basi, ni jina la kikosi kilichofanyishwa kazi mpaka kufa.

Uchumi wa kikoloni ulihitaji huduma mpya: reli, bandari, posta, simu, shule, hospitali na ofisi. Makuli wa bandarini, watu wa reli na makarani wakawa tabaka jipya mijini. Huduma hizi zilikuza uchumi, lakini ukuaji huo ulielekezwa nje. Reli zilikwenda bandarini, na faida ya pamba, kahawa na mkonge haikurudi kwa waliozipakia.

Hata hivyo, watoa huduma walikuwa na nguvu ambayo wakulima waliotawanyika hawakuwa nayo: wakisimama, kila kitu husimama. Makuli wa Mombasa na Dar es Salaam waligoma mwaka 1939. Januari 1947 mgomo mkuu uliifunga Mombasa, na Chege Kibachia akawa sauti ya wafanyakazi. Baadaye mwaka huo mgomo ulianzia bandari ya Dar es Salaam na kusambaa kwenye reli. Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya Unguja. Upande wa wenye kalamu, Martin Kayamba alianzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali huko Tanga mwaka 1922. Viongozi wa uhuru walitoka katika safu hizo: Julius Nyerere alikuwa mwalimu, Rashidi Kawawa mtumishi wa serikali, Tom Mboya mkaguzi wa afya wa jiji la Nairobi. Kwa hiyo, sekta iliyodhaniwa kuwa haizalishi kitu ilizalisha harakati za uhuru.

5.0 Uhuru na swali la kazi halali

Baada ya uhuru, serikali za eneo hili zilirithi imani kwamba maendeleo ya kweli hutoka shambani na kiwandani. Wakati huo huo, zilitambua uzito wa huduma kwa kuzishirikisha: Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa mwaka 1967 iliendesha kwa pamoja reli, bandari, posta na simu, na shirika la ndege. Jumuiya hiyo ilipovunjika mwaka 1977, wananchi waliuona mvunjiko huo kwanza katika huduma: mabehewa yaliyozuiwa upande mmoja, ndege zilizogawanywa, mpaka uliofungwa.

Uganda ilipata somo lake mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 za kuondoka. Pamoja nao iliondoka sehemu kubwa ya biashara ya jumla, mikopo na usafirishaji. Viwanda na mashamba yalibaki mahali pake, lakini mishipa iliyoviunganisha ilikatika. Pengo hilo lilijazwa na magendo, neno ambalo katika Uganda ya miaka hiyo lilikuwa jina la mfumo mzima wa maisha.

Kwa upande wa Tanzania, mwaka 1983 una matukio mawili yanayopaswa kusomwa pamoja. Mwaka huo ilitungwa Sheria ya Nguvukazi, ambayo chini yake watu wa mijini wasio na ajira iliyotambuliwa walikamatwa na kupelekwa vijijini kuzalisha mali. Wachuuzi wadogo na watoa huduma za mitaani walijikuta wakiitwa wazururaji. Mwaka huo huo, serikali iliruhusu mabasi madogo ya watu binafsi Dar es Salaam kwa kuwa shirika la umma halikuwatosheleza wasafiri. Mabasi hayo yaliitwa daladala, kutokana na dala, jina la mtaani la shilingi tano zilizokuwa nauli. Mkono mmoja wa dola ulimfukuza mtoa huduma barabarani. Mkono wa pili ulimkaribisha. Tofauti haikuwa katika kazi yenyewe, bali katika jina lililopewa kazi hiyo.

6.0 Bodaboda na wakala

Neno bodaboda linasimuliwa kuwa lilizaliwa Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ambako waendesha baiskeli waliwavusha watu na mizigo kati ya vituo viwili vya mpakani. Mwito wao wa kuutaja mpaka kwa Kiingereza uligeuka kuwa jina la kazi. Baadaye baiskeli zikawa pikipiki, na neno likaenea mbali na mpaka wowote. Ni upagazi uliopata injini.

Wakala naye ana safari ndefu zaidi. Katika sheria za Kiislamu, wakala ni mkataba wa kumwamini mtu atende kwa niaba ya mwingine. Machi 2007, huduma ya M-Pesa ilizinduliwa Kenya. Mwaka 2008 ikafika Tanzania, na mwaka 2009 huduma ya aina hiyo ikaanza Uganda. Mfumo huo haukusimama kwa simu peke yake. Ulihitaji mtu wa kupokea noti na kutoa noti katika kila mtaa na kijiji, naye akaitwa wakala. Tavneet Suri na William Jack (2016) walikadiria kuwa huduma hiyo iliziondoa kaya 194,000 za Kenya, yaani asilimia 2 ya kaya zote, katika umaskini. Walibainisha pia kuwa wanawake wengi walihama kutoka kilimo kwenda biashara. Hapa huduma haikusubiri kiwanda; ilipunguza gharama ya kuaminiana, jambo ambalo hundi na mkopo wa msafara vilifanya karne moja na nusu kabla yake kwa watu wachache.

Hata hivyo, hoja ya Rodrik haijajibiwa kwa mfano mmoja. Huduma si kitu kimoja. Zipo zinazoongeza tija ya sekta nyingine, kama vile malipo, usafirishaji, mawasiliano na elimu. Zipo pia zinazowapokea watu waliokosa pa kwenda, wakagawana wateja wale wale. Kijiwe chenye waendesha bodaboda ishirini badala ya kumi si lazima kiwe kimeongeza utajiri. Pengine kimegawa kipato kile kile mara mbili. Takwimu huyaweka yote mawili chini ya jina moja, huduma, na hapo ndipo sera hupotea.

7.0 Lugha ndani ya soko la huduma

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010 na kuruhusu huduma kuvuka mipaka kwa hatua. Ifahamike kuwa bidhaa inaweza kuvuka mpaka kimya kimya, lakini huduma nyingi huvuka kwa maneno. Dereva wa lori anayetoka Dar es Salaam hadi Bujumbura kupitia Kobero huhudumiwa kwa Kiswahili na wakala wa forodha, fundi, mama lishe na mlinzi. Buyenzi ya Bujumbura na Nyamirambo ya Kigali zilijenga sifa yao ya mitaa ya Kiswahili kutokana na wafanyabiashara na madereva, kabla serikali hazijatamka lolote. Rwanda ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017, na baraza la mawaziri la Uganda likafuata mwaka 2022. Sera ilikuwa inaifuata barabara.

Pamoja na hayo, upo mpasuko. Huduma hutolewa kwa Kiswahili, lakini masharti yake mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa. Mkataba wa bima, wa mkopo au wa pikipiki ya mkopo huelezwa kwa mdomo katika lugha moja na kutiwa saini katika nyingine. Neno bima limekaa katika Kiswahili kwa muda mrefu. Vifungu vyake bado havijahamia. Pale ambapo mpagazi wa Kinyamwezi aliweza kubishania posho yake kwa lugha aliyoimiliki, mjukuu wake hubonyeza kukubali asichokisoma. Hili ni eneo ambalo wataalamu wa lugha wanaweza kuchangia uchumi moja kwa moja: kutafsiri masharti, kusanifu istilahi, na kushauri kwamba mkataba wa huduma usihesabiwe kuwa umeeleweka mpaka uwe umeandikwa katika lugha ya anayefungwa nao.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa huduma katika Afrika Mashariki zilitangulia viwanda, zikaibeba biashara ya masafa marefu, zikawa shina la harakati za uhuru, na zikaendelea hata pale zilipopigwa marufuku. Historia hiyo haiondoi haja ya viwanda na kilimo bora. Inaondoa dhana kwamba kazi isiyoacha kitu cha kushikika haina uzito. Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nadharia za uchumi ziliutazama mzigo wa mtoa huduma kwa jicho hilo kwa muda mrefu.

Kipimo cha mchango wa sekta hii, kwa hiyo, kisiishie kwenye asilimia ya pato la taifa. Msafara ulipofika Bagamoyo, pembe zilihesabiwa na mpagazi alidai ujira na posho yake. Mwendesha bodaboda na wakala wa leo wana haki ya kuhesabiwa kwa namna ile ile: kwanza kama wazalishaji, kisha kama wadai.